Wimbo wa Ujirani Mwema

Mimi ni mutu wa ziwa. Nimezaliwa Kalemie, nimeolewa Kalemie, na Mungu akipenda nitazikwa Kalemie. Nasema hivyo mapema ili mutu asije akanifundisha adabu ya kwetu. Adabu ya kwetu naijua. Mugeni akishuka kutoka majini, unamuamkia kwa luga ya kwao. Akiwa Mubembe, Kibembe. Akiwa Mutabwa wa Moba, Kitabwa. Akiwa Muha wa Kigoma, unatafuta Kiha, hata kama ni maneno mawili uliyookota sokoni. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mutu aliyetikiswa na maji siku nzima anafika mwili kwanza, roho inakuja nyuma, na luga ya kwao njo inayoiita roho ifike. Niliyaamini maneno hayo kama ninavyoamini ubatizo.

Adabu hiyohiyo njo iliyomunyanganya jirani yangu mume wake. Wanaosimulia mambo ya serikali wanasimulia mikataba na meli na hotuba. Mimi nitasimulia ya mutaa wetu, maana huko njo mukataba ulikofika kwa miguu yake.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Zaire, tulipokwisha kuvuliwa majina ya Kikristo na kuitwa sitwayen na sitwayene, yaani raia. Jirani yangu, ambaye nitamuita Jirani tu, alifika kwa mutumbwi akitoka Burundi pamoja na mume wake na watoto wawili wadogo. Kule kwao watu walikuwa wakiuawa, na waliosoma njo waliokuwa wakitafutwa. Mume wake alikuwa amesoma. Huku kwetu alipata kazi ya kufundisha shule ya musingi, tukawa tunamuita Mwalimu. Kwa serikali walisema wao ni watu wa Uvira. Mutaa muzima ulijua kwamba si kweli, na mutaa muzima ukanyamaza. Nani angesema? Watoto wao walikuwa wanakula na wetu sahani moja.

Siku walipofika, mimi njo niliyewaamkia, na kwa aibu nikawaamkia kwa Kiswahili, kwa sababu Kirundi sikukijua. Mwalimu alikumbuka. Akaniambia, "Mama, ulinipokea kwa luga ambayo si yangu wala si yako. Ngoja, mimi nitakushinda." Akaanza kujifunza Kiholoholo, luga ya kwetu. Alikuwa anakaa karibu na babula langu la makaa jioni, mimi nakaanga ndagala, samaki wetu wadogo, yeye anauliza: hiki mnaitaje, kile mnaitaje? Wanafunzi wake walimucheka mpaka wakachoka. Baada ya miaka miwili akawa anawatania nacho hata wavuvi, nao wakamujibu kama mutu wa kwao.

Jirani yeye hakuwa mutu wa maneno. Alikuwa mutu wa chungu. Bugali bwake bwa muhogo bulikuwa ukibusikia harufu unasahau kwamba umeshiba. Mwalimu alikuwa anakula, halafu anachukua sufuria yenyewe anaikwangua, muke wake anamupigia kelele kwamba ataitoboa. Kelele hiyo ilisikika kwangu kila muchana, na kama haikusikika nilijua kuna mugonjwa.

Siasa yenyewe alinieleza mume wangu. Alikuwa kazini bandarini, anapakua mabehewa, na bandarini hakuna siri. Alisema, "Serikali yetu ina adui wake wenye bunduki kule milima ya Fizi, wanaovuka ziwa wanavyotaka. Serikali ya Burundi ina watu wake waliotorokea huku. Kila mumoja anaogopa mwenzake asije akamufuga adui yake. Sasa wanaandikiana: mimi sifugi wako, na wewe usifuge wangu. Njo ujirani mwema huo unaousikia ku radio."

"Na Mwalimu?" nikamuuliza. "Yeye ni adui ya nani? Adui ya mbu?"

Hakucheka. Akanawa mikono, akatoka.

Basi ikatangazwa kwamba wajumbe wa Burundi watakuja kwa meli kuona Kalemie na kuzungumza na Komisere wa zone, mukubwa wa wilaya yetu, mambo ya mupaka. Wakati ule mukubwa yeyote hakupita bila animasio, yaani kuchezewa ngoma na kuimbiwa na watu wa Chama, wanawake mbele. Mimi nilikuwa katika kundi la mutaa wetu, Jirani pia. Kukataa hakukuwa na maana. Ungekataa, na kesho mume wako angeitwa ku biro, ofisi yao, aulizwe kwa nini bibi yake hapendi inchi. Kiongozi wetu alikuwa mama mumoja munene, mwenye sauti ya kuamsha wafu, tulimuita Mama Prezidanti. Moyo wake ulikuwa muzuri. Kichwa chake kilikuwa kinakuja nyuma ya moyo, polepole.

Siku ya mazoezi akapiga makofi, akasema, "Ba mama, tutawapokea wageni namna gani? Kwa Kiswahili? Kwa Kilingala cha Komisere? Hapana! Wanashuka kwa maji. Tutawaamkia kwa Kirundi!"

Tukapiga vigelegele. Kweli, tulifurahi. Lilikuwa jambo la haki kabisa, jambo la watu waliolelewa. Halafu akamugeukia Jirani, mbele ya wote. "Wewe wa Uvira, kule kwenu Warundi si wanakuja sokoni? Utufundishe wimbo mumoja."

Niliona mikono ya Jirani ikishika kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga. Akasema atajaribu.

Mwalimu alimukataza. Nilisikia, kwa maana ukuta wetu ulikuwa mumoja. Jirani akamujibu kwamba akikataa, kukataa kwake kutasema zaidi ya kuimba. Alikuwa na haki. Lakini kulikuwa na jingine, nami nililiona kesho yake alipotufundisha. Miaka yote hiyo alikuwa anasema Kirundi na watoto wake tu, tena kwa sauti ya chini, kama mutu anayeiba sukari. Pale, mbele ya wanawake, alikiimba kwa nguvu. Ulikuwa wimbo wa kumupokea bibi arusi anapofika kwa watu wasiomujua. Shingo yake ilisimama. Alikuwa muzuri sana siku ile, na mimi nilimupenda.

Meli ikafika asubuhi. Tulipangwa bandarini mistari mitatu, tumevaa vikwembe vyenye uso wa Mukubwa wa inchi kifuani na mugongoni. Komisere alikuwa amevaa abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, ya rangi ya majivu. Yeye alikuwa mutu wa mbali, wa upande wa mutoni, akisema Kilingala na Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyama. Mukubwa wa wageni akashuka amevaa tai. Kwetu tai ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo wote tukawa tunaangalia shingo ya yule baba badala ya uso.

Jirani akaanzisha. Sisi tukaitika.

Yule baba akasimama palepale. Nasema kile nilichokiona: uso wake ulilegea, macho yakang'aa, akawa mutu tu aliyefika kwao. Adabu ya mama yangu ilifanya kazi yake. Akamuacha Komisere na mukono hewani, akaja kwetu anacheka, akauliza kwa Kiswahili cha kwao, "Mama zangu, nani amewafundisha hii?"

Kwetu anayetoa neno la kupokea mugeni anapelekwa mbele, mugeni amushukuru. Mama Prezidanti akamushika Jirani mukono, akamuvuta, akasema kwa ile sauti yake, "Njo huyu!"

Yule baba akamusemesha kwa Kirundi, polepole, kwa upole kabisa. Jirani akajibu. Neno moja tu. Baadaye alinieleza kwamba alimuuliza mulima wa kwao ni upi, naye jina la mulima likatoka lenyewe kabla hajalikamata. Luga ya mama haina kufuli. Yule baba akamubana mukono kwa mikono miwili, akarudi kwa Komisere. Mimi nilisoma kwa masista, Kifaransa nakisikia. Alisema, akitabasamu bado, "Mulituandikia kwamba hapa Kalemie hakuna watu wetu."

Komisere naye akatabasamu, kwa meno tu. Nikajua kwamba mambo yameharibika. Ameitwa mwongo mbele ya watu wake, na mugeni wa serikali; sasa atatafuta ukweli, na ukweli huo atautoa kama zawadi.

Muchana uleule mume wangu akawapandisha watoto wa Jirani katika mutumbwi wa kaka yake, wakaenda Zongwe kwa mama mukwe wangu. Zongwe ni kijiji cha wavuvi. Huko mutoto mugeni anapewa nyavu za kutengeneza, anakuwa mutoto wa kijiji, mambo kwisha. Tukamuambia Mwalimu aende nao. Akakataa. Alisema, "Nikikimbia, watamukamata yeye. Wakinipata, pengine watatosheka." Tukabishana naye mpaka mate yakakauka. Asubuhi akavaa shati lake jeupe, akaenda shuleni kufundisha.

Mama Prezidanti alikuja saa ya kupika. Alikuwa ameshasikia kwamba Warundi wanatafutwa. Nilimupokea na hasira yangu yote. "Unatafuta nini hapa? Mudomo uliponza kichwa, lakini wewe mudomo wako umeponza kichwa cha mutu mungine! Mugeni njoo mwenyeji apone, si tulifundishwa hivyo? Angalia basi namna mwenyeji anavyopona!" Yule mwanamuke munene akakaa chini, kwenye vumbi, na kikwembe chake cha animasio, akalia. Jirani njo aliyemuinua. Mimi nilikuwa bado natafuta matusi mengine.

Jeep ikasimama.

Walishuka watu wawili wa usalama, wakisema Kilingala wao kwa wao. Nyuma, kati ya askari, alikuwa Mwalimu. Hakufungwa. Walikuwa wanamuita "sitwayen" na kumuambia kwamba inchi yake imemusamehe na inamuhitaji, anarudishwa kwa heshima. Chaki ilikuwa bado kwenye vidole vyake. Mukubwa wao akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, "Familia ya huyu ni ipi? Wote wanarudi pamoja."

Hapo kichwa cha Mama Prezidanti kikafika kabla ya moyo, mara ya kwanza na ya mwisho. Akasimama, akapangusa uso, akasema, "Familia gani? Huyu mama ni mutoto wa dada yangu, Mubembe, amezaliwa Uvira. Mulima ule aliutaja kwa kujionyesha, aliusikia kwa wafanyabiashara wa sokoni. Huyu mwanaume ni mupangaji wake. Mimi ni Prezidanti wa animasio. Mutaniambia mimi ni mwongo?"

Mutu wa usalama akamuangalia, akaangalia uso wa Mukubwa wa inchi kwenye kifua chake. Halafu akamugeukia Mwalimu, akaonyesha Jirani kwa kidole. "Huyu ni bibi yako?"

Jirani alikuwa amesimama mulangoni na mwiko mukononi. Chungu kilikuwa motoni nyuma yake. Mwalimu alimuangalia kama mutu anayeangalia bei ya kitu asichotaka kununua.

"Huyu?" akasema. "Hapana, chef. Napanga chumba kwake. Mama huyu ana kelele, tena bugali bwake habujawahi kuiva hata siku moja."

Askari wakacheka. Mukubwa wao akacheka. Mama Prezidanti akacheka kwa nguvu, akapiga mapaja. Na Jirani, Mungu wangu, Jirani naye akacheka. Akamupungia mwiko, akasema, "Nenda, nenda, mulafi wewe! Utaona huko utakakokwenda kama watakupikia!"

Jeep ikaondoka. Jirani akarudi ndani, akabusonga bugali mpaka mwisho, akabupakua kwenye sahani, akabufunika. Hakulia. Mimi nililia mpaka kichwa kikaniuma.

Siku ya meli kurudi tuliitwa tena. Animasio ya kuaga. Ujumbe ukatoka kwa Komisere: uleule wimbo wa Kirundi, wageni waliupenda. Nilimuambia Jirani ajifanye mugonjwa. Akasema, "Niache. Mutu wa Uvira anaumwa nini?" Akavaa kikwembe, akafunga kitambaa kichwani, akasimama mbele palepale alipokuwa amesimama.

Kulikuwa na hotuba. Komisere alisema kwamba ziwa si mupaka, ziwa ni mukeka, na majirani wawili wanakaa juu yake kwa usalama. Makofi. Yule baba wa tai alisema ndugu waliopotea wanarudi nyumbani. Makofi. Halafu wakatembezwa watu sita au saba, wanaume tu, wengine sikuwajua kabisa, kumbe kila mutaa ulikuwa na Mwalimu wake. Wetu alikuwa wa nyuma, na mukoba mudogo wa turubai.

Jirani aliimba wimbo wa bibi arusi wote. Sauti haikukatika. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa hajafika ngazi ya meli, na mimi nikafikiri jambo moja tu: huyu mutu anaondoka bila kujua kama watoto wake wako hai. Tangu wapande mutumbwi hakuna aliyemuambia kama walifika; sisi wavuvi walituletea habari yeye akiwa ameshachukuliwa. Ziwa lilichafuka jioni ile, naye alijua, alilisikia kama sisi.

Sikungoja ruhusa. Nikaanzisha wimbo wetu wa kuvuta nyavu, kwa Kiholoholo. Ni wimbo ambao unaweza kutia maneno yoyote, wavuvi wanatia hata matusi ya wakwe zao. Nikaimba: samaki wadogo wawili wamefika Zongwe. Wanawake wa kwetu wakashituka kidogo, halafu wakaitika: wamefika. Nikaimba: maji hayakuwalowesha. Wakaitika: hayakuwalowesha. Nikaimba: wamekula, wamelala kwa bibi. Mama Prezidanti, ambaye ni Muholoholo kama mimi, akalichukua hilo la mwisho akalitupa juu mpaka bandari yote ikasikia. Komisere wa Kilingala alikuwa anapiga makofi. Yule baba wa tai, naye mwenye Kirundi chake, alikuwa anapunga mukono. Serikali mbili zilisimama pale zinatabasamu, na hakuna hata moja iliyosikia tulichokuwa tunasema.

Mwalimu hakugeuka. Alikuwa mutu wa akili. Lakini mukono wake wa kuume, uliokuwa unaning'inia, ukaanza kupiga pajani, taratibu, namna alivyokuwa anawapigia watoto wa shule mwendo wanapoimba. Ulipiga mpaka alipoingia ndani ya meli. Jirani aliuona. Kiholoholo chake kilikuwa kidogo, lakini "wamefika" alilijua.

Habari yake haikurudi tena. Tuliuliza wavuvi, tuliuliza wafanyabiashara wa Bujumbura, tuliuliza mapadri. Mwaka uleule radio ilisema kwamba mambo ya mupaka yanaendelea vizuri. Watoto walirudi kutoka Zongwe, wanajua kushona nyavu na kusema Kitabwa, wakakua, wakaitwa Wabembe wa Uvira mpaka wakaoa na kuolewa kwa ukoo huo. Mama Prezidanti aliwalipia minerval, ile feza ya masomo, kila mwaka wa shule, wala hakuna aliyemuomba. Mimi na yeye tulikuja kupatana, lakini ilichukua muda, maana hasira yangu ina mizizi.

Na mimi adabu ya mama yangu niliiacha. Mugeni akishuka majini leo namuambia "Yambo" ya Kiswahili, basi. Nangoja yeye mwenyewe achague kujitaja ni wa wapi, na asipotaka simuulizi. Watu wanasema nimekuwa mukavu. Waseme.

Jirani alizeeka karibu nami. Hakuimba tena, hata kanisani. Alikuwa anafungua kitabu na kufuata kwa macho. Kupika alipika, na harufu ilikuwa ileile, tukawa tunakwenda kula kwake bila kualikwa. Anakuwekea sahani, halafu hakai. Anasimama hapo juu yako, mikono kwenye kikwembe, anangoja umeze tonge la kwanza.

"Bumeiva?" anauliza.

Wajukuu walikuwa wanamucheka, hawakujua. Sisi wakubwa tulikuwa tunajibu haraka, hata mudomo ukiwa bado umejaa.

"Bumeiva, Mama. Bumeiva sana."